Chai ya Mboji ya Minyoo: Namna ya Kuitengeneza, Kuitumia kwa Usalama na Kuipima Kabla ya Kuinunua

Familia nyingi za mijini hupanda mchicha, sukuma wiki, nyanya na giligilani katika magunia, ndoo chakavu na vijituta vya nyuma ya nyumba. Baadhi ya wakulima hao wadogo hufuga minyoo wa mboji, na kutokana na mboji hiyo hutengeneza kimiminika cha rangi ya kahawia kiitwacho chai ya mboji. Wengine hukinunua kikiwa kimefungwa chupani, chenye maandishi yanayoahidi mengi. Katika makala hii tunaeleza kimiminika hicho ni nini, hutengenezwaje, huufaa mmea kwa kiasi gani, na ni wakati gani kinaweza kumdhuru mlaji wa mboga.

Lipo jambo moja tunalomwomba msomaji alishike tangu mwanzo. Chai ya mboji ni mchanganyiko wenye uhai. Faida yake na hatari yake hutoka katika chanzo kimoja, yaani vijidudu vinavyozaliana ndani ya ndoo. Hali inayowastawisha vijidudu rafiki wa udongo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuwastawisha vijidudu vinavyoleta homa ya matumbo na kuhara. Mtu akilielewa hilo, mashauri yote yanayofuata atayaona kuwa ya kawaida.

Vitu vitatu visivyopaswa kuchanganywa

Mboji ya minyoo ni kile kinachobaki baada ya minyoo kula mabaki ya mimea na kuyatoa yakiwa laini kama udongo mweusi. Minyoo wanaofugwa zaidi kwa kazi hii ni minyoo wekundu wadogo, ambao wanasayansi huwaita Eisenia fetida. Hawa huishi karibu na uso wa taka zinazooza, si ndani kabisa ya ardhi kama nyungunyungu wa shambani.

Maji ya pipa ni majimaji yanayochuruzika chini ya chombo cha minyoo taka zinapokuwa na unyevu mwingi. Maji hayo yamepita katikati ya taka ambazo bado hazijaoza. Hayajulikani yamebeba nini, na mara nyingi huwa hayana hewa. Watu wengi huyakinga na kuyaita chai, na wako wauzaji wanaoyauza kwa jina hilo. Si chai. Yakionekana kwa wingi, ni dalili kwamba chombo kimelowa kupita kiasi na kinahitaji makaratasi au majani makavu.

Chai ya mboji hupatikana kwa kuloweka mboji iliyoiva katika maji safi kwa muda maalumu, kisha kuchuja. Maji hayo yakipulizwa hewa wakati wote wa kulowekwa, huitwa chai iliyopulizwa hewa. Hewa huwapa oksijeni bakteria na kuvu wa udongo, na pia huutikisa mchanganyiko ili vilivyomo katika mboji viachane nayo na kuingia majini.

Inaufaa mmea kwa kiasi gani?

Tuanze na hesabu nyepesi. Lita moja na nusu ya mboji ya minyoo yenye unyevu huwa na uzito wa takriban kilo moja, na karibu nusu ya uzito huo ni maji. Sehemu iliyo kavu kwa kawaida huwa na nitrojeni ya asilimia 1 hadi 2. Kwa hiyo mboji yote hiyo ina nitrojeni ya gramu 5 hadi 10 tu, hata kama yote ingeingia katika chai, jambo ambalo halitokei. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una nitrojeni ya kilo 23. Ni wazi basi kwamba chai ya mboji haiwezi kuchukua nafasi ya mbolea. Mtu anayeambiwa kwamba chupa moja itamwondolea haja ya mbolea shambani anaambiwa jambo lisilowezekana kihesabu.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba haina kazi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa chainizi. Chai ya mboji ya minyoo, iliyotengenezwa kwa sehemu moja ya mboji na kumi za maji, iliongeza ukuaji wa mboga hiyo. Lenye kuvutia zaidi ni kwamba matokeo yalilingana kwa chai iliyolowekwa bila kupulizwa hewa, iliyopulizwa hewa, na iliyopulizwa hewa na kuongezwa vyakula vya vijidudu. Maana yake kwa mtumiaji wa nyumbani ni kwamba msingi wa chai ni mboji nzuri. Viungo vya ziada vinavyouzwa kwa bei kubwa si lazima.

Kuhusu magonjwa ya mimea, tunashauri tahadhari. Majaribio mengi yamefanywa katika nchi mbalimbali, na matokeo yake yanatofautiana: chai ileile inaweza kupunguza ugonjwa mmoja na isiuguse mwingine, au ifanye kazi ndani ya kitalu na ishindwe shambani. Sababu si ngumu kuelewa. Hakuna mboji mbili zinazofanana, na hivyo hakuna chai mbili zinazofanana. Chai isitegemewe kama dawa ya ukungu wa nyanya wala ya mnyauko.

Namna ya kuitengeneza nyumbani

Vifaa vinavyohitajika ni ndoo safi ya lita 20, pampu ndogo ya hewa ya aina inayotumika katika matangi ya samaki wa mapambo pamoja na mpira wake na kijiwe cha kutolea mapovu, kipande cha kitambaa chepesi cha kuchujia, na mboji ya minyoo iliyoiva. Mboji iliyoiva hunukia kama udongo baada ya mvua, na mabaki ya chakula hayatambulikani tena ndani yake.

1. Jaza ndoo lita 15 za maji. Usiijaze mpaka juu, kwa sababu povu huinuka. Maji ya bomba huwekwa klorini ili kuua vijidudu, nayo haichagui vilivyo rafiki. Yaache maji katika chombo kilicho wazi kwa siku moja ili klorini itoke, au yapulizie hewa kwa saa chache kabla ya kuweka mboji. Wakazi wa pwani wanaotumia visima wayaonje kwanza: maji yenye ladha ya chumvi hayafai kwa kazi hii, kwani chumvi itabaki udongoni.

2. Funga lita moja na nusu ya mboji katika kitambaa kama kifurushi kilicholegea, kisha kitumbukize majini.

3. Weka kijiwe cha mapovu chini kabisa ya ndoo na uwashe pampu. Maji yaonekane yakizunguka. Mapovu machache yanayopanda upande mmoja hayatoshi.

4. Weka pampu mahali palipo juu kuliko uso wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi nyuma kupitia mpira na kuingia katika pampu. Waya wa umeme nao uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likitiririka juu yake lidondoke sakafuni badala ya kufika kwenye umeme.

5. Weka ndoo kivulini na uache kazi iendelee kwa saa 24. Vitabu vingi vya nchi za baridi hutaja saa 36 au 48, lakini maji yetu yana joto zaidi. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika takriban 7.5 tu. Katika joto hilo vijidudu huitumia oksijeni upesi zaidi, huku iliyopo ikiwa pungufu.

6. Toa kifurushi, kamua kidogo, na utumie chai ndani ya saa nne tangu pampu ilipozimwa. Mboji iliyobaki irudishwe bustanini. Bado ina sehemu kubwa ya rutuba yake.

Umeme ukikatika kwa muda mfupi, endelea ukirudi. Ukikatika kwa saa kadhaa na mchanganyiko ukaanza kutoa uvundo, usiutumie kwenye mboga. Umwage katika lundo la taka za bustani, mbali na kisima. Baada ya kila matumizi, osha ndoo, mpira na kijiwe kwa sabuni na uvikaushe juani. Utelezi unaobaki ndani ya mpira ni makazi ya vijidudu vya uvundo, na huharibu chai inayofuata.

Pua haiwezi kupima usalama

Wengi hufundishwa kwamba chai yenye harufu nzuri ni salama, na kwamba hewa huua vijidudu vya magonjwa. Kauli zote mbili zina kasoro. Harufu mbaya huonyesha kwamba oksijeni imekwisha, lakini harufu nzuri haithibitishi kwamba E. coli au Salmonella hawamo. Bakteria hao wanaweza kuishi penye hewa na pasipo na hewa.

Mwaka 2007, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walichapisha uchunguzi wa jambo hili. Waligundua kwamba bakteria wa E. coli O157:H7 na Salmonella walizaliana katika chai iliyoongezwa virutubisho vya kuwalisha vijidudu, na katika chai iliyopulizwa hewa idadi yao ilibaki kubwa kuliko katika ile isiyopulizwa. Chai isiyoongezwa kitu haikuwastawisha. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2004 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba molasi huchangia ongezeko la bakteria hao. Kijiko cha molasi, ambacho takriban kila maelekezo ya mitaani hukitaja, hakimlishi bakteria mwema peke yake. Hulisha kila aliyemo.

Ni muhimu kukumbuka pia kwamba chombo cha minyoo hakipati moto. Lundo la mboji ya kawaida likitengenezwa vizuri hufika nyuzi 55 na zaidi, na joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua vijidudu vingi vya magonjwa. Minyoo hawawezi kustahimili joto kama hilo. Hufa likipita takriban nyuzi 35. Kazi yao hupunguza vijidudu vya magonjwa lakini haitoi hakikisho la kuvimaliza. Hivyo usalama wa chai huanzia katika chakula cha minyoo. Kwa chai itakayotumika penye mboga, walishe maganda ya matunda, majani na mabaki ya mboga. Samadi ya kuku au ya ng'ombe isiwekwe ikiwa mbichi. Ipitishwe kwanza katika lundo lenye moto. Kinyesi cha mbwa, paka au binadamu kisitumike kabisa.

Itumike wapi, na isitumike wapi

Tunashauri mtumiaji wa nyumbani afuate kanuni hizi:

- Usiongeze molasi, sukari wala unga wowote katika chai itakayotumika kwenye bustani ya mboga.
- Mwagilia udongo kuzunguka shina, asubuhi mapema au jioni. Usinyunyizie majani yanayoliwa.
- Usiitumie kabisa kwenye vitu vinavyoliwa vibichi vikiwa vimegusana na udongo, kama vile saladi, giligilani, karoti na vitunguu vya majani vya kachumbari.
- Itumie kwa uhuru zaidi kwenye maua, miche ya miti, michungwa, mipapai na migomba, ambako tunda liko mbali na udongo.
- Vaa glavu, na osha mikono kwa sabuni baada ya kazi. Kama unatumia bomba la kunyunyizia kwenye maua, funika pua na mdomo, kwani matone madogo huvutwa na pumzi.
- Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kupika, hata kama hukutumia chai.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama haitoshi kusubiri siku chache kabla ya kuvuna. Mwaka 2004 jopo la wataalamu lililoundwa chini ya Bodi ya Taifa ya Viwango vya Kilimo Hai ya Marekani lilitoa pendekezo kuhusu swali hili. Lilishauri kwamba chai iliyoongezwa virutubisho, isipopimwa maabara, ihesabiwe kama samadi mbichi: ziwepo siku 120 kabla ya mavuno kwa mazao ambayo sehemu ya kuliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa mazao mengine. Mchicha wetu huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Hakuna namna ya kusubiri siku 120 kwa mboga inayoishi siku 30. Ndiyo maana ushauri wetu ni kuacha virutubisho hivyo tangu mwanzo, na kutoigusisha chai na jani.

Tahadhari hii ina uzito zaidi katika nyumba zenye watoto wadogo, wajawazito, wazee au wagonjwa ambao kinga ya miili yao imepungua. Kwao, kuhara kunaweza kuwa ugonjwa mzito.

Kabla ya kununua chupa

Chai iliyo hai hutumia oksijeni wakati wote. Ikifungwa katika chupa, oksijeni iliyomo huisha baada ya muda mfupi. Kinachofuata ni kimojawapo kati ya viwili: ama vijidudu vinavyohitaji hewa hufa au hulala, na vingine vya uvundo huchukua nafasi yao, ama mtengenezaji ameweka kitu cha kuvizuia visizaliane, na hapo chai si hai tena. Wapo bakteria wachache wanaoweza kujifunga katika ganda gumu na kustahimili muda mrefu, na bidhaa zinazowatumia hao kwa makusudi hutaja jina lao na idadi yao kwenye lebo. Chupa isiyotaja lolote, inayodai tu kwamba imejaa uhai na hudumu mwaka mzima, inajipinga yenyewe. Chupa iliyovimba isinunuliwe, na aliyekwisha kuinunua aifungue nje, polepole, mbali na uso.

Nchini Tanzania, mbolea na visaidizi vya mbolea vinavyouzwa vinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na vinapaswa kusajiliwa kabla ya kuingia sokoni. Bidhaa ikidai kwamba huua wadudu au hutibu magonjwa ya mimea, dai hilo huiingiza katika kundi la viuatilifu, na usimamizi wake ni wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kwenye chupa si mapambo tu. Ndiyo yanayoonyesha ni usajili gani muuzaji anapaswa kuwa nao.

Mnunuzi amwulize muuzaji maswali haya, na asione haya kuyauliza:

- Namba ya usajili iko wapi, na imetolewa na mamlaka gani?
- Jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo viko kwenye lebo?
- Kiasi cha nitrojeni, fosforasi na potasiamu kimetajwa kwa asilimia?
- Ni chai iliyotokana na mboji iliyoiva, au ni maji ya pipa?
- Imeongezwa molasi? Imepimwa maabara kwa E. coli?

Muuzaji mwaminifu hatakasirishwa na maswali hayo. Tunza stakabadhi na chupa yenyewe. Ukibaini kwamba umeuziwa kwa maelezo ya uongo, toa taarifa kwa mamlaka husika au kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hushughulikia pia udanganyifu dhidi ya mlaji.

Jaribio la vijituta vitatu

Mtu anayetaka kujua kama chai inamfaa anaweza kupima mwenyewe bila gharama kubwa. Tayarisha vijituta vitatu vyenye ukubwa sawa, udongo sawa na jua sawa. Panda mbegu ileile siku moja. Cha kwanza kimwagilie maji matupu. Cha pili kipe chai kila wiki kwa kumwagia udongo, bila molasi. Cha tatu kitandazie mboji ya minyoo yenyewe, kwa kiasi kilekile ambacho kingetumika kutengenezea chai ya cha pili, kisha kimwagilie maji. Siku ya mavuno, pima uzito wa mboga za kila kijituta kwa mizani ya jikoni na uandike. Rudia katika msimu mwingine, maana jaribio moja linaweza kuathiriwa na bahati. Kwa kuwa majani yatapimwa ili yaliwe, mboga zote tatu zioshwe na kupikwa.

Kijituta cha tatu kikilingana na cha pili au kukishinda, umepata jibu lenye thamani: mboji inatosha, na huna haja ya pampu, umeme wala chupa. Kijituta cha pili kikishinda mara kwa mara, endelea kutengeneza chai yako, ikiwa mbichi na kwa kufuata kanuni tulizozitaja.

Kwa ushauri zaidi, mwone ofisa ugani wa kata yako. Mpelekee lebo ya bidhaa unayotaka kuinunua, na ikiwa umekwisha kupima vijituta vyako, mpelekee na namba ulizoandika.